Utampa Nini Mtu Mwenye Kila Kitu?



Majilio yameshaanza. Hapa Mpanda mvua inanyesha, watu wako mashambani, na jioni ukipita sokoni Buzogwe unakuta magauni ya watoto na viatu vya Krismasi vimening'inizwa mpaka barabarani. Jumapili iliyopita kwenye mkutano wetu wa vijana, mwenzetu mmoja aliuliza swali lililotuchekesha: "Mama nitamnunulia kitenge, wadogo zangu nitawanunulia viatu. Sasa baba yangu wa ubatizo ana duka la vitenge na duka la viatu. Huyo nimpe nini?"

Tulicheka, halafu tukanyamaza. Kila mmoja wetu anaye mtu wa namna hiyo. Ni mjomba, ni shangazi, ni mfadhili aliyekulipia ada, ni kaka mkubwa anayekuja kutoka Dar na gari lake. Amekutendea mema mengi, unatamani kumshukuru, lakini kila unachokifikiria tayari anacho, tena kizuri kuliko utakachoweza kununua. Wenzangu waliniomba niandike juu ya hilo. Nimekubali, siyo kwa sababu mimi ni mtaalamu, bali kwa sababu nilishakosea, tena kwa gharama.

Saa ya nne kutoka juu

Mimi nina mjomba, mdogo wake mama, anayekaa Makanyagio. Ana malori mawili ya kubeba mpunga na mahindi, ana nyumba za kupangisha, na ndiye aliyenilipia ada tangu kidato cha tano mpaka chuo. Krismasi ya mwaka juzi nilikuwa nimepata kibarua changu cha kwanza. Nikasema, safari hii mjomba lazima aone kwamba hakupoteza fedha zake. Nikakopa shilingi 60,000 kwenye kikoba, nikanunua saa ya mkononi yenye boksi zuri, nikaifunga kwa karatasi ya kung'aa.

Alipokea vizuri sana. Alisema, "Ahsante mama, Mungu akubariki." Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha.

Kesho yake nilikwenda kumsalimia. Akanituma chumbani nimletee dawa zake za presha kwenye kabati. Nikafungua mlango nisioelekezwa. Jamani! Mashati yako kwenye mifuko yake ya plastiki, hayajafunguliwa. Manukato. Mikanda. Na maboksi ya saa yamepangwa moja juu ya jingine. Ya kwangu ilikuwa ya nne kutoka juu. Maana yake tangu jana mchana watu wengine watatu walikuwa wamempa saa.

Nilifunga mlango polepole, nikatafuta dawa, nikampelekea. Sikusema kitu. Mkopo wa kikoba niliulipa mpaka mwezi wa tatu, na kila mwezi nilipotoa marejesho niliiona ile saa ya nne kutoka juu.

Nisieleweke vibaya, mjomba hakunikosea. Mimi ndiye niliyejidanganya. Nilitaka anione kuwa nimekuwa mtu mzima. Kwa hiyo ile zawadi, ukweli wake, nilijinunulia mwenyewe.

Mungu naye ana kila kitu

Tukitaka kujifunza kumpa mtu mwenye kila kitu, tuanze na Mungu. Yeye hasa ndiye mwenye vyote. Katika Zaburi ya 50 anawakumbusha Waisraeli kwamba wanyama wote wa porini ni wake, na ng'ombe walioko milimani kwa maelfu ni wake. Hata angeona njaa asingehitaji kutuambia sisi. Ni kama mtu wa Inyonga umpelekee kijiko kimoja cha asali wakati yeye ana mizinga msitu mzima.

Basi kwa nini kila Jumapili tunapeleka matoleo altareni? Moja ya sala za utangulizi wa Misa inatujibu. Inamwambia Mungu kwamba yeye hahitaji sifa zetu, wala sifa hizo hazimwongezei chochote; hata uwezo wa kumshukuru umetoka kwake, na faida yake inaturudia sisi kwa wokovu wetu. Ukiipata Misale, isome taratibu, ni ule Utangulizi wa Kawaida wa nne. Hapo tunapata fundisho la kwanza: zawadi kwa mwenye kila kitu haiendi kuziba upungufu wa vitu. Inakwenda kujenga uhusiano.

Watazame Mamajusi katika Mathayo sura ya 2. Sisi tunapenda kukimbilia dhahabu, uvumba na manemane. Ni kweli zina maana kubwa: Kanisa tangu zamani limeona katika dhahabu heshima ya mfalme, katika uvumba ibada kwa Mungu, na katika manemane kifo chake atakachotufia. Lakini soma mpangilio wa maneno ya Mathayo. Kwanza walisafiri kutoka mashariki. Pili waliingia nyumbani, wakamwona mtoto pamoja na Maria mama yake. Tatu walianguka wakamsujudia. Ndipo, mwisho kabisa, wakafungua hazina zao. Safari ilitangulia, kuonana kukafuata, heshima ikafuata, vitu vikaja mwishoni. Sisi wengi tunaanza na kitu, na wengine tunaishia hapo hapo kwenye kitu: tunamtuma bodaboda apeleke, basi.

Tena mkumbuke yule tajiri katika Marko sura ya 10. Alikuwa na mali nyingi, na hata amri alikuwa amezishika tangu ujana wake. Kwa lugha yetu, alikuwa na kila kitu. Yesu hakumpa kitu cha kushika mkononi. Marko anatuambia kwamba Yesu alimtazama akampenda, halafu akamwambia kuna jambo moja analopungukiwa. Zawadi ya Yesu kwa tajiri yule ilikuwa ni kumtazama kweli, na kumwambia ukweli, na kumkaribisha amfuate. Yule mtu aliondoka na huzuni, hakuipokea. Hata hilo tulijue: zawadi ya kweli inaweza kukataliwa, na bado ikawa zawadi.

Anamkosa nani?

Mwaka jana Majilio yalipokaribia nilimweleza habari za ile saa bibi mmoja wa WAWATA katika jumuiya yetu. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Halafu akaniambia: "Mjukuu wangu, mtu mwenye mali usimtafutie anakosa nini. Tafuta anamkosa nani."

Nilirudi nyumbani na neno hilo, na jibu nilikuwa nalo kabla sijafika. Mjomba anamkosa mama yangu.

Mama na mjomba walikuwa hawasemeshani mwaka wa nne. Sababu ni kiwanja alichoacha bibi yetu. Sitaeleza nani ana haki, mimi ni mtoto na sikuwepo walipogawana. Ninachojua ni kwamba mama akisikia lori la mjomba linapita alikuwa anaingia ndani, na mjomba akitaka kujua hali ya mama ananiuliza mimi, tena kwa kuzunguka: "Huko Kawajense mvua imenyesha?" Yaani Mpanda nzima mvua ni moja, lakini yeye anauliza ya Kawajense!

Wote wawili ni wanajumuiya, na wote wawili wanasali Baba Yetu. Lugha yetu ina hekima hapa. Kumkosa mtu na kumkosea mtu ni maneno yanayokaa karibu sana. Mara nyingi unamkosa mtu kwa sababu mlikoseana.

Sasa nifanye nini? Kuwapatanisha sikuweza, siyo kazi ya mtoto kuwaita wakubwa baraza. Nikaamua kufanya kidogo nilichoweza. Nilinunua daftari kubwa, la kawaida tu la dukani. Nikanunua migebuka ya kukausha iliyotoka Karema na unga wa muhogo. Jumamosi nne za Majilio nilikwenda Makanyagio, nikapika, tukala, na baada ya kula nikamwomba: "Mjomba, nisimulie habari za babu. Nataka kuandika, wadogo zangu hawamjui."

Mwanzoni alishangaa. Akasema hana muda, simu zinaita. Lakini ugali wa muhogo na migebuka vilimkalisha. Alinisimulia babu alivyokuja Mpanda kufanya kazi kwenye reli, ile iliyoletwa kutoka Kaliua kwa ajili ya machimbo ya risasi. Alinisimulia treni ilivyokuwa ikisubiriwa, na walivyotembea kwa miguu kwenda Misa. Jumamosi ya tatu akafika mahali akanyamaza. Halafu akasema kwa sauti ndogo: "Unajua, dada yangu aliacha shule darasa la nne. Enzi hizo ada ya shule ya msingi ilikuwa inalipwa. Baba alikuwa na fedha ya mmoja. Dada akasema mimi nisome, yeye atauza mihogo."

Mimi hiyo habari sikuwahi kuisikia. Mama hajawahi kuisema hata siku moja, hata katika ule ugomvi. Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno. Mkono ulikuwa unatetemeka.

Siku ya mkesha nilimpelekea mjomba daftari, kwa mwandiko wangu, bila karatasi ya kung'aa. Alifungua, akasoma kurasa mbili, akaingia nalo chumbani. Sikujua amelipeleka kabatini au wapi.

Tarehe 26 mchana, mama yuko jikoni, geti likagongwa. Mjomba alikuja kwa miguu, bila lori, bila mbuzi, bila mfuko wowote. Alikaa kwenye kigoda pale barazani kwetu akasema, "Dada, shikamoo. Naomba chai." Mama alisimama pale mlangoni muda mrefu. Halafu akasema "Marahaba," akaenda kubandika chai.

Kuhusu kiwanja hawakuongea, na mpaka leo ninapoandika hakijaisha. Sipendi kuwadanganya kwamba mambo yote yamekaa sawa. Lakini sasa lori likipita, mama anatoka nje kuangalia.

Jirani yetu wa Karema

Kuna deni jingine linalotusumbua sisi vijana: wema ambao hatuwezi kuulipa. Mtu amekusomesha, utamrudishia nini? Hapa Katavi tunaye mwalimu wa jambo hili, na nasikitika kwamba vijana wengi hawamjui.

Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, ni mahali ambapo Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walikabidhiwa ngome na Wabelgiji mwaka 1885. Mwaka 1889 alifika hapo kijana mmoja Mwafrika aitwaye Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara, na huko Algeria wamisionari hao wakamkomboa kwa kulipa fedha. Wakamsomesha, na baadaye akapelekwa Malta kujifunza utabibu. Kisha akaja kwetu akiwa daktari na katekista. Alioa hapa, mwanawe mmoja akawa padre, na yeye mwenyewe aliendelea kutibu watu wa Karema na kuwafundisha dini kwa zaidi ya miaka 60, mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1956.

Tafakari kidogo. Atiman angewalipaje waliomkomboa? Uhuru hauna bei ya kurudisha, na wale waliomnunulia uhuru hawakuwa wanasubiri marejesho kama kikoba. Alichofanya ni kuupitisha ule wema mbele, kwa wagonjwa wa kijiji ambacho hata hakuzaliwa. Wema hausemi lazima urudi ulikotoka. Mfadhili wako aliye na kila kitu hahitaji saa ya tano. Lakini akisikia kwamba yule aliyemlipia ada sasa kila Jumamosi anawafundisha hisabati watoto wa mtaa bila malipo, hiyo ni zawadi ambayo kabati lake haliwezi kuijaza.

Tufanye nini mwaka huu?

Ndugu zangu, haya ni mambo tunayoweza kuyafanya kabla ya Noeli, hata mfukoni pakiwa pakavu:

1. *Mwombee nia ya Misa.* Nenda ofisi ya parokia, toa sadaka yako, taja jina lake. Misa hainunuliwi, sadaka ni mchango wako. Kisha mjulishe siku na saa, na wewe mwenyewe uwepo.

2. *Mtengenezee shada la kiroho.* Andika kwenye karatasi: rozari tano, saa moja ya kuabudu Ekaristi, kufunga Ijumaa moja, yote kwa ajili yake. Ila tafadhali, usiandike ambacho hujasali. Hilo ni deni kwa Mungu na kwa mtu.

3. *Mtembelee na ukae.* Bikira Maria alikwenda kwa Elizabeti nchi ya milimani akakaa kama miezi mitatu (Luka 1). Injili haitaji mfuko wowote aliobeba, maana aliyembeba alikuwa Yesu mwenyewe tumboni. Wewe kaa hata saa mbili, simu ikiwa imezimwa.

4. *Mwombe akufundishe.* Wenye mali wamezoea kuombwa fedha. Mwombe ujuzi: alianzaje biashara, anapangaje shamba. Mtu mzima akiombwa hekima yake anajisikia ni mtu, siyo benki.

5. *Mpe nafasi ya kutoa.* Januari shule zinafunguliwa na wapo watoto wasio na sare wala madaftari. Mwambie, "Shangazi, mwaka huu badala ya zawadi, twende wote tukamnunulie mtoto fulani madaftari. Mimi nitatoa kalamu." Katika Luka 14 Yesu anatuambia tunapoandaa karamu tuwaalike wasioweza kutulipa. Mwenye kila kitu mara nyingi amekosa mtu wa kumshika mkono kumpeleka huko.

6. *Panda mti kwa jina lake.* Hii ni mvua, mche wa mwembe unashika. Baada ya miaka michache mpelekee maembe.

7. *Omba msamaha.* Kama kuna neno ulilomkosea, anza na hilo. Kitubio cha Majilio kipo kwa ajili hiyo. Katika Mathayo sura ya 5 Bwana anasema tuiache sadaka mbele ya altare, tukapatane kwanza na ndugu.

Tahadhari mbili

Ya kwanza: tusifanye mambo ya kiroho kuwa kichaka cha ubahili. Mtu anakuwa na uwezo wa kumpelekea mama yake mchele kilo tano, anasema "nakuombea tu". Hapana. Mama asiye na mchele mpe mchele, halafu muombee. Mtakatifu Yakobo katika barua yake, sura ya pili, amelisema hilo bila kupepesa macho. Tunachojadili leo ni kwa yule ambaye mchele anao.

Ya pili: tuchunguze nia. Kapu unalompelekea bosi ili mkataba wako usainiwe, hiyo siyo zawadi, ni chambo. Kipimo ni rahisi: je, ningempa hata kama kesho angepoteza cheo chake? Kama jibu ni hapana, kirudishe dukani.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya au kikundi

Ni nani aliyenitendea wema ambao siwezi kuulipa, na ninaupitisha kwa nani? Katika familia yangu, nani anamkosa nani? Je, zawadi yangu ya mwisho ilikuwa kwa ajili ya yule niliyempa, au kwa ajili yangu?

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe mwenye vyote ulikubali kulazwa horini, ukapokea zawadi za wageni na maziwa ya mama. Tufundishe kutoa bila kujionyesha na kupokea bila kiburi. Wakumbuke wafadhili wetu, na uwape kile ambacho mikono yetu haiwezi kuwapa. Waliokoseana katika familia zetu, uwakalishe kwenye kikombe kimoja cha chai. Amina.

Mimi mwaka huu Jumamosi zangu nazipeleka kwa mama, na daftari jipya nimeshanunua. Nataka kuisikia na yeye habari ya ile mihogo.

Nawatakia Majilio mema. Tumsifu Yesu Kristo!